Wale Wanawake Watatu wa Embulbul

"Nipe jina moja tu, Cucu! Sikuombi matatu. Moja!"

"Majina ya watu si njugu, Mama Elsie, ati nikupimie kwa kikombe."

"Ulisema watatu. Ulisema walifanya kazi chini ya Gakuru huko Embulbul, akawasumbua, wakaacha kazi mmoja baada ya mwingine. Ulisema mmoja alienda Rombo akaolewa na muuza vitunguu. Vitunguu unavikumbuka, jina huna?"

"Vitunguu vinanuka. Jina halinuki."

"Usinichekeshe! Leo usinichekeshe kabisa. Karani wa wakili ametoka Kajiado, saa hii ameshapita Isinya, na akifika hapa kitu cha kwanza ni majina. Nikikosa, Alhamisi nasimama mbele ya hakimu kama mwongo. Mimi! Wilkister!"

Tulikuwa kwenye veranda yangu, saa nne asubuhi. Mimi ndiye Cucu, yaani bibi; nilikuwa nachambua managu kwenye ungo, yeye amesimama juu yangu na barua mkononi. Hiyo barua aliletewa na wakili wa Gakuru, na ameikunja na kuikunjua mpaka imekuwa laini kama kitambaa cha kufutia mtoto kamasi. Mimi sisomi, na haya yote anaandika mjukuu wangu Judy, ambaye nimemkataza kukata hata neno moja. Lakini barua hiyo nimesomewa mara nyingi, naweza kuimba. Inasema Wilkister amemharibia Bwana Gakuru jina mbele ya watu. Athibitishe aliyoyaandika, au amwombe msamaha kwa maandishi, na kila mtu aliyepata ile barua yake ya kwanza aipate na hii ya msamaha. Akikataa, mahakamani Kajiado. Siku alizopewa zilipita, kesi ikaandikwa, na shule ikamwambia akae nyumbani kwanza.

"Na wewe unachambua mboga," akasema.

"Kesi haizuii watu kula."

Alinitazama vile mtu hutazama tairi limepasuka na mvua inakuja.

Wilkister alikuja kupanga kwa ploti yangu hapa Kitengela miaka sita iliyopita, na godoro moja, sufuria mbili, na Elsie mgongoni. Mume wake, Wakhungu, kazi yake ni mifereji ya kunyunyizia mashamba kule Loitokitok, na hurudi mara moja kwa mwezi na kreti ya nyanya, nusu zimepondeka. Hao watu wa magharibi wana adabu ya kutisha. Siku ya kwanza alinishika mkono kwa mikono miwili akainama, nikafikiri ameangusha kitu.

Siku ya pili alisugua ngazi. Si ngazi yake, ngazi zote, za vyumba kumi na viwili, kwa burashi na sabuni ya unga. Nguo akianika, kamba inaanza na kubwa inaisha na ndogo, kama watoto kwenye gwaride.

Siku ya tatu nikampa habari ya simba.

Mnajua hapa tumepakana na mbuga, na simba hutoka kweli, wamekula mbuzi za watu. Wangu hakutoka mbugani. Wangu alikuwa mbwa wa Githinji fundi viatu, mbwa wa rangi ya chai ya maziwa. Lakini nikisimulia mimi, yule mbwa anaota manyoya shingoni, analala kwenye ngazi ya chumba namba nne, na mimi nampiga na mwiko wa ugali kwa pua mpaka anaomba radhi na kurudi mbugani kwa miguu miwili. Wapangaji huniambia, "Cucu, tuletee simba," na wanacheka kabla sijaanza. Wilkister hakucheka. Aliniuliza, "Na ule mwiko uliutupa ama uliuosha?"

"Niliuosha."

"Mimi ningeutupa," akasema, kwa heshima kabisa.

Hapo ndipo ningemwambia. Sikumwambia. Ni tamu sana mtu akikuamini hivyo. Nilizaa watoto wanane na hakuna hata mmoja ameniamini siku moja, hata ile siku nilisema tumbo inauma na ikawa ni ya kupasuliwa. Huyu akaniamini simba.

Kazi yake ilikuwa karani wa ofisi katika shule moja ya kulipia, hapo barabara ya Namanga. Vidole vyake kwenye kompyuta ni mvua kwenye mabati. Gakuru ndiye meneja wa hiyo shule, mtu wa tai nyekundu na viatu vya kulia kwiikwii. Huyo ndiye alianza kumtumia barua pepe, ama imeli, vile tunaita hapa.

Za kwanza zilisifu nguo. Zikaja za kuuliza mbona hasemi asante. Halafu zikauliza, mume akiwa mbali hivyo, mtu hulala namna gani. Zilimpata akiwa mezani, na zilimpata Jumapili akiwa ibadani. Kama Gakuru angetamka hayo barabarani, wanawake wa soko wangemvalisha gunia. Lakini imeli haina sauti. Inaingia mfukoni mwa mtu, na jirani aliyekaa naye benchi moja anafikiri anaangalia saa.

Alinificha miezi mitatu. Nilimgundua kwa sababu alianza kusugua ngazi mara mbili kwa siku.

Jumamosi moja mchana nikamkalisha hapa kwenye veranda, nikamwambia, "Toa." Akatoa simu, akanisomea zote, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mwalimu anayeita majina darasani. Arobaini na moja. Mimi nilisikiliza mpaka mwisho, halafu nikasema neno ambalo hadi leo linanichoma: "Futa."

Mama yangu alitufundisha kwamba neno chafu likisemwa mlangoni kwako, unafagia kizingiti kutoka ndani kwenda nje, kabla halijapata mahali pa kukaa. Nikachukua ufagio. Yeye akifuta moja kwenye simu, mimi nafagia mara moja. Moja, fyaa. Mbili, fyaa. Tulienda hivyo mpaka arobaini na moja, mkono ukaniuma. Akasema bado kuna pipa la taka ndani ya simu, vitu vilivyofutwa hukaa humo kwanza. Nikamwambia, "Pipa linakaa na taka kwa nini? Mwaga." Tukamwaga. Tukanywa chai, akacheka mara ya kwanza tangu mvua ziishe. Nilijiona daktari.

Jumatatu Gakuru akatuma nyingine, kwamba mkataba wake hauongezwi mpaka ajue kushukuru. Hiyo aliifuta mwenyewe pale kwenye geti, bila ufagio, vile nilimfundisha. Kisha akaja akaniambia anaacha kazi, anamfuata Wakhungu Loitokitok.

Sasa, mtu mzima nikisema ukweli: sikutaka aende. Hiyo ndiyo sababu. Watoto wangu wako mbali, na Wilkister ndiye huniuliza asubuhi kama nimelala. Nikaona nimpe kitu cha kumtia nguvu, na mimi sina kitu kingine kwa nyumba isipokuwa hadithi.

"Huyo Gakuru mimi namjua," nikasema. Simjui. "Kabla ya hapa alikuwa Embulbul." Embulbul nilikuwa nimetoka kwa mazishi wiki hiyo, jina lilikuwa bado mdomoni. Nikampa wanawake watatu. Nikampa wa Rombo na vitunguu vyake. Alipouliza Gakuru alitokaje huko, nikasema alifukuzwa na fimbo, akaruka ua wa michongoma akaacha kiatu, na mpaka leo kiatu kimetundikwa kwa ofisi.

"Kiatu gani?"

"Cha kushoto."

Akatikisa kichwa, akaenda kwake. Mimi nikafurahi. Nilifikiri ameenda kulala akiwa na nguvu. Kumbe ameenda kuandika.

Aliandikia mkuu wa shule, na halmashauri, na kwa ile orodha ya wazazi wote, watu mia mbili na kumi. Aliandika anavyosumbuliwa, na hayo yote yalikuwa kweli. Lakini katikati akaweka Embulbul. Wanawake watatu. Kiatu.

Wakili wake anaitwa Soipan, msichana wa Kimaasai, ofisi yake iko Kajiado juu ya duka la misumari na rangi. Tulienda wote wawili. Alinisalimu, "Supa, yeyo," nikaitikia, "Ipa," nikaona huyu ni mtoto wa watu. Halafu akasoma ile imeli mpaka mwisho, na alipofika kwa kiatu alivua miwani.

"Mama Elsie, hii Embulbul uliiona mwenyewe?"

"Niliambiwa na Cucu."

Wote wakanitazama. Mimi nikatazama kalenda ya ukutani.

Soipan alitueleza polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Kama Wilkister angemlalamikia mkuu wa shule peke yake, sheria ina mwavuli wa mtu anayelalamika mahali panapofaa. Lakini wazazi mia mbili hawaingii kwenye huo mwavuli. Ukisema jambo baya juu ya mtu na ukalieneza, ni wewe unatakiwa uonyeshe ni kweli. "Kwa hivyo nataka hao wanawake watatu," akasema. "Na nataka hizo imeli za Gakuru. Si karatasi tupu, nazitaka ndani ya simu, pamoja na kiapo cha mwenye simu kwamba hazijaguswa."

"Nilizifuta," akasema Wilkister.

"Zote?"

"Na pipa."

Soipan aliweka kalamu mezani. Akasema haijaisha. Barua ikifutwa kwako, kwa aliyetuma inaweza kuwa bado iko, na kompyuta ya shule inayopitisha barua zote inaweza kuwa na nakala. Mahakama inaweza kuamuru isiguswe, kabla Gakuru naye hajakumbuka kufagia. Lakini hakimu hatoi amri kwa sababu mtu analia. Atataka kujua zilisema nini, zilikuwa ngapi, na ni nani mwingine alizisikia. Na atauliza kama huyu mwanamke ni mtu wa ukweli. "Embulbul ikiwa kweli, tuko na nguvu," akasema. "Ikiwa uongo, atauliza, hii nyingine niamini kwa nini? Cucu, hao wanawake unaweza kuwapata?"

Ningesema hapo. Mlango ulikuwa wazi. Nikasema, "Wametawanyika."

Tangu siku hiyo nimekuwa kama mbuzi anayezunguka kigingi, kila akizunguka kamba inafupika. Wilkister akiuliza jina, naongeza kitu kingine. Mmoja alikuwa na mwanya. Mmoja alikuwa hasikii vizuri sikio moja. Naongeza, yeye anaandika kwa daftari. Wakhungu hajui lolote, anafikiri shule imefunga mapema. Na makosa ya Wilkister yana nakala mia mbili na kumi Kitengela nzima, ya Gakuru hayana hata moja.

Basi tuko hapo kwenye veranda, karani yuko njiani, na yeye anafungua daftari.

"Huyu wa sikio. Alikuwa mtu wa wapi?"

Nikaweka ungo chini.

"Mama Elsie, kaa."

"Sikai. Wa wapi?"

"Hakuna mtu wa sikio."

"Ni mwenye mwanya, basi?"

"Hakuna wa mwanya. Hakuna wa Rombo. Embulbul nilienda mazishi, nikala wali, nikarudi. Gakuru sikuwahi kumsikia kabla yako. Niliitunga. Yote."

Alikaa. Si kwa kiti, alikaa kwa ngazi, ile ngazi anaisugua. Alifunga daftari, akalifungua, akalifunga tena.

"Na kiatu?"

"Na kiatu."

"Na simba?"

"Mbwa wa Githinji."

"Mwiko?"

"Mwiko ni wa kweli."

Nilifikiri atacheka. Haki nilifikiri. Alisimama na uso ambao sijawahi kuuona kwake, na sauti haikupanda hata kidogo.

"Ni wewe uliniambia nifute. Nikafuta. Ni wewe ulinipa cha kuandika. Nikaandika. Nikimwomba Gakuru msamaha, nimesema hata yale ya kweli ni uongo, na ataniandikia mengine mia. Nisipoomba, nafungwa na kiatu. Kila mlango nikijaribu kutokea, Cucu, nakupata umekaa hapo na kiti chako na ungo wako."

"Nitamwambia karani."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba Embulbul ni yangu. Wewe uliniamini tu. Hiyo uombe msamaha, na mimi niombe na wewe, kwa hao wazazi wote. Lakini za Gakuru nilizisikia kwa hii masikio yangu. Niape."

"Uape!" Akapiga makofi mara moja. "Wakili wake atasimama aulize, 'Mama, wewe si ndiye wa simba?' Kitengela nzima inajua wewe ni wa simba! Niko na shahidi mmoja duniani, na ndiye mwongo mkubwa kutoka hapa mpaka Isinya. Halafu atauliza, 'Ulizisoma?'"

"Sisomi."

"Sasa unajuaje zilikuwa ngapi?"

"Nilifagia mara arobaini na moja."

Akageuka akatazama ufagio pale mlangoni.

"Mtu asiyesoma hana pa kuweka, Mama Elsie. Anaweka kichwani. Niulize."

"Cucu, usianze."

"Niulize!"

Akakumbatia daftari. "Ya saba."

"'Leo umepita mlangoni kwangu mara tatu bila kugeuka. Mimi nahesabu. Kesho ugeuke.' Hiyo ilikuwa siku ya mvua ya mawe, Elsie alikaa nyumbani na homa."

Mkono wake ukaenda shingoni.

"Ya kumi na tisa."

Hapo, wenzangu, nilijua kazi niliyojipa. Ya kumi na tisa ilikuwa fupi, baridi, haina ladha. "Nimeona mume wako hakuja mwezi huu. Pole." Basi. Ulimi wangu ukaanza kuwasha. Ningeongeza neno moja tu baada ya hilo pole, mtu yeyote angemchukia Gakuru mpaka kaburini. Neno nilikuwa nalo tayari, tamu, limekaa kwenye ncha. Nikaling'ata.

"'Nimeona mume wako hakuja mwezi huu. Pole,'" nikasema.

"Na nini tena?"

"Hakuna tena."

Wilkister alikuwa analia, lakini bila sauti, na kidole chake kilikuwa kinahesabu kitu kwenye jalada la daftari. Alikuwa anafikiri, nilimwona. Kama karani ataziandika leo vile nimesema, halafu ile kompyuta ya shule ifunguliwe na zipatikane hivyo hivyo, neno kwa neno, na hakuna aliyenisomea tena, hakimu atafanya nini na hilo?

"Zote unazo?"

"Arobaini na moja. Ile ya geti sina, hukunisomea."

"Cucu, sikia. Ukiongeza neno. Moja tu, la kufanya inoge. Na hilo neno likose kwa hiyo kompyuta. Tumekwisha wote wawili."

"Najua."

"Hujui. Wewe huwezi kusema umeenda choo bila kukutana na chui."

"Nitasema vile zilivyo."

"Bila kiatu?"

"Pekupeku."

Akakaribia kutabasamu, akakataa, akafuta uso kwa kiganja. Matatu ilisimama pale barabarani, mlango ukabamizwa. Nikaona nimebaki na dakika moja, na kulikuwa na jambo moja nilitaka kujua kuliko la Gakuru na la hakimu pamoja.

"Mama Elsie. Nikisema vizuri, hata tukishinda. Utahama?"

Alinigeukia. Akavuta pumzi, nikaona jibu limefika kwenye midomo.

"Hodi hapa! Mimi ni Musila, kutoka kwa wakili Soipan." Kijana mrefu wa shati jeupe alikuwa ameingia getini, na faili kwapani, na kile kibati cha wino wa kuwekea kidole gumba mkononi. Alisimama mbele ya ngazi, akaona vile zinang'aa, akaanza kuvua viatu. "Ni nani kati yenu ataanza?"